Detekta ikilia Machakos, haijataja fedha

Kwenye uso wa detekta nyingi za metali zinazouzwa leo pana mstari wa vipicha. Upande wa kushoto kuna msumari, kisha karatasi ya aluminiamu, kisha sarafu moja baada ya nyingine: senti tano, senti kumi, robo dola, nusu dola, dola nzima. Mashine hii ni jamaa ya ile fimbo ambayo walinzi hutupitishia mwilini tunapoingia benki, ila ina mkono mrefu na sahani ya duara chini, na badala ya kupiga mlio mmoja kwa kila kitu hutoa sauti mbalimbali. Msumari huitikia kwa sauti nzito. Robo dola huitikia kwa sauti nyembamba, safi, inayokatika ghafla kama kengele iliyoshikwa kwa mkono. Kutokana na mstari huo ilizaliwa kanuni ambayo kila anayeanza hufundishwa siku ya kwanza: sauti nzito ni chuma, sauti nyembamba ni fedha. Huko ilikotungwa, kanuni hiyo ina msingi, kwa sababu robo dola zilizotengenezwa Marekani hadi 1964 zilikuwa na fedha asilimia 90. Lakini watu hawakwenda soko la Machakos au la Kangundo na robo dola mkononi. Ardhi hii ina historia yake ya pesa, ina mafundi wake wa metali na ina udongo wake. Anayeisikiliza kwa sikio lililofunzwa na sarafu za Marekani hukosea pande zote mbili: huita fedha kitu kisicho fedha, na hupita juu ya fedha halisi akidhani ni taka. Nalijali jambo hili kwa sababu kila kosa la sikio huishia kuwa shimo ardhini, na shimo halifutiki.

Tuanze na kile ambacho mashine husikia. Ndani ya sahani mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na humo hupitishwa umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Umeme huo huzaa uga wa sumaku unaozama ardhini. Uga ukikutana na metali, huamsha ndani yake vijito vya umeme vinavyozunguka, navyo huzaa uga mdogo wa kwao unaorudi juu. Mashine hupima nguvu ya kinachorudi na kuchelewa kwake. Katika metali isiyopitisha umeme vizuri vijito hufa upesi. Katika ile inayoupitisha vizuri huendelea kuzunguka, na jibu huchelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakogeuzwa kuwa sauti: jibu likichelewa zaidi, sauti huwa nyembamba zaidi. Chuma kina tabia yake kwa kuwa chenyewe huvutwa na sumaku, ndiyo maana kimewekwa chini kabisa ya ngazi. Basi mashine haina habari na neno fedha. Inachojua ni wepesi wa umeme kupita, uliochanganyika na ukubwa wa kitu, unene wake na umbo lake. Ukiupa uwezo wa shaba nyekundu wa kupitisha umeme alama 100, fedha safi hupata takriban 106, dhahabu kama 75, aluminiamu zaidi kidogo ya 60, shaba njano kama 28, na ule mchanganyiko wa shaba na nikeli uliotengenezea sarafu nyingi za karne ya 20 hupata kama 5 tu. Ziangalie zile mbili za kwanza. Pengo la fedha na shaba nyekundu ni dogo kuliko mabadiliko yanayoletwa na sarafu kulala upande, kuchakaa au kuwa nene kidogo kuliko mwenzake. Sauti tunayoiita ya fedha ni sauti ya shaba pia, na hakuna sikio litakalozitenganisha kwa hakika.

Kosa hili lina umri sawa na mashine yenyewe. Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi Julai 1881, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alileta chombo chake cha kutafuta risasi mwilini kwa kusikiliza. Chombo kilikuwa kimejaribiwa na kikafanya kazi. Kitandani mwa rais kikalia mahali pengi, kwa sababu godoro lilikuwa na springi za chuma, na daktari mkuu alitaka apime upande ambao aliamini risasi iko, nayo ilikuwa upande mwingine. Garfield alifariki Septemba mwaka huo. Sikio la Bell halikudanganywa, maana metali ilikuwapo kweli. Kilichokosewa ni jina lake.

Sasa tuulize jambo ambalo vile vipicha haviulizi: ni fedha gani iliyoangukia ardhi ya Machakos? Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 biashara ya sehemu hii ya bara ilikuwa ya pembe, mifugo, nafaka, vitambaa, shanga na nyaya. Misafara ya Wakamba ilishusha pembe hadi pwani, na huko sarafu kubwa ilikuwa riali ya Maria Theresa, pesa ya Austria iliyoandikwa tarehe ya 1780 hata ilipotengenezwa miaka mia moja baadaye, yenye uzito wa gramu 28 na fedha asilimia 83. Kiswahili kimeihifadhi riali hiyo mahali ambapo wengi wetu hatutazami. Thumuni, jina ambalo wazee huliita sumuni wakimaanisha nusu shilingi, maana yake ni sehemu ya nane: ni sehemu ya nane ya riali iliyohesabiwa kuwa shilingi nne. Lugha hiyohiyo ilitenganisha fedha, jina la metali nyeupe lililokuja kuwa jina la mali yote, na pesa, jina lililotoka kwa paisa ya shaba ya upande wa India na ambalo Kikamba hulitamka mbesa. Wahenga wa sokoni walijua fedha ni fedha na pesa ni shaba. Mashine ya leo haijui.

Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake ya kifalme mwaka 1888, na mwaka huohuo rupia yake yenye jina Mombasa ikachapwa. Mwaka uliofuata Kampuni ikaweka kituo Machakos, na John Ainsworth akakisimamia tangu 1892 hadi makao ya mkoa yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1899, reli ilipoamua mji upi ukue. Rupia hiyo, sawa na ya India iliyoendelea kutumika, ilikuwa na uzito wa gramu 11.66 na fedha karibu asilimia 92. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1901, rupia ikaingia hata kwenye boma ambalo halikuwa na haja nayo, kwa kuwa lililazimika kuitafuta. Chini yake zikaja senti 50 na senti 25 zenye fedha asilimia 80, na mwaka 1907 ikaja senti moja ya aluminiamu, mojawapo ya sarafu za kwanza duniani za metali hiyo, ambayo haikudumu kwa sababu hali ya hewa yetu iliila. Kisha bei ya fedha ikapanda baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1920 rupia ikabadilishwa kwa florini yenye fedha nusu. Mwaka uliofuata ikaja shilingi yenye fedha robo tu. Piga hesabu uone. Rupia moja ilibeba gramu 10.7 za fedha halisi. Shilingi mbili zilizochukua nafasi yake, kila moja ikiwa na uzito wa karibu gramu 7.8, zilibeba kwa pamoja chini ya gramu 4. Shilingi hiyo ya robo iliendelea kutengenezwa hadi 1946, na kuanzia 1948 fedha ikaondolewa kabisa. Kwa hiyo pesa waliyolipwa Wakamba ng'ombe wao walipopunguzwa kwa nguvu mwaka 1938, hadi Muindi Mbingu akawaongoza maelfu kuandamana kwenda Nairobi, na mshahara wa wanajeshi wengi wa Machakos waliojiunga na jeshi la kikoloni la King's African Rifles katika Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa mara nyingi shilingi hii inayong'aa kama fedha ilhali robo tatu yake ni metali nyingine.

Hapa ndipo kanuni ya vipicha inapovunjika. Rupia itaimba vizuri, sina ubishi. Ni pana, ni nene, na ni fedha karibu tupu. Shilingi ya 1922 ni jambo jingine, kwa kuwa sauti yake inaamuliwa zaidi na ile robo tatu. Metali mbili zikiyeyushwa pamoja mara nyingi hupitisha umeme vibaya kuliko kila moja ikiwa safi, na nikeli kidogo tu ndani ya shaba hushusha uwezo huo sana. Kinyume chake kuna vitu ambavyo vitaimba kama rupia na havina hata chembe ya fedha. Senti kumi za shaba zenye tundu katikati, zile tulizozirithi kutoka enzi ya koloni, ni kubwa na nzito, na tundu haliziharibii sauti kwa sababu vijito vya umeme hupenda kuzunguka ukingoni. Sehemu ya sufuria kuukuu ya aluminiamu itaimba pia, na zipo nyingi mashambani kuliko rupia kwa kiasi kisichohesabika. Lakini kitu kinachonishughulisha zaidi ni shaba ya Wakamba wenyewe. Nyaya za shaba nyekundu na shaba njano zilikuwa bidhaa kuu ya misafara, zikazungushwa mikononi, miguuni na shingoni, na mafundi wa Ukambani wakajulikana mbali kwa mikufu yao myembamba. Gerhard Lindblom, Msweden aliyewachunguza Wakamba mwanzoni mwa miaka ya 1910, aliandika juu ya kazi hiyo kwa kirefu. Bangili ya shaba nyekundu iliyofungika vizuri itaimba nyembamba kabisa, na mwenye detekta atachimba kwa pupa akitarajia fedha, kisha aitupe kwa hasira. Ikiwa bangili imekatika mahali pamoja, vijito havina pa kuzunguka na sauti huanguka. Na mkufu, ile kazi bora ya fundi, una pete ndogo ndogo zinazogusana kidogo tu. Kila moja hujibu peke yake, kwa unyonge, kama kipande cha karatasi ya sigara. Mkufu wa fedha safi hufanya vivyo hivyo. Yaani kitu chenye ustadi mkubwa kuliko vyote katika udongo huo ndicho ambacho kanuni inaamuru kipuuzwe.

Sarafu ndogo za kale nazo huangukia upande huo. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu huko Pemba, wanaakiolojia walifukua akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, ushahidi mkubwa kwamba miji ya Waswahili ilikuwa na fedha yake yenyewe mamia ya miaka kabla ya Mreno. Ni sarafu ndogo na nyepesi. Moja ya hizo ikilala peke yake ardhini isingeitikia kwa ile sauti ya kengele ya robo dola. Fedha yetu ya kwanza, nathubutu kusema, ni fedha inayonong'ona.

Juu ya yote hayo pana udongo. Sehemu kubwa ya Machakos imekalia miamba mikongwe sana, na uwanda wa Kapiti kuelekea Athi River umefunikwa na miamba ya volkeno. Udongo mwekundu wa vilima vya Iveti na Mua umejaa oksidi ya chuma, na mvua ikinyesha mito ya msimu huacha kwenye mchanga wake michirizi myeusi ya chembe zinazovutwa na sumaku, mchanga uleule ambao wahunzi wa zamani waliuyeyusha kupata chuma cha mapanga na mishale. Detekta huusikia udongo huo kama metali moja kubwa iliyotandazwa. Lazima isawazishwe kwanza, na hata ikisawazishwa, udongo hubadilika ukivuka tuta moja la shamba. Sarafu iliyolala kina kirefu humezwa. Kwa kitu kidogo, ukiongeza maradufu umbali wake kutoka kwenye sahani, mwitikio hupungua hadi karibu mara 64. Kilichobaki huchanganyika na ngurumo ya udongo, na sauti nyembamba hugeuka nzito au kukatikakatika. Rupia iliyozama huweza kusema kama msumari. Na msumari mkubwa, au kipande cha bati kilichokunjika, huweza kusema kama rupia, kwa sababu chuma kipana kinaweza kupotosha hesabu ya kuchelewa hadi kikapanda ngazi nzima. Ongeza jambo ambalo Machakos inasifika kwalo duniani: matuta ya fanya juu, yaliyokwanguliwa kwa majembe na vikundi vya akina mama kwa miaka mingi ili kuzuia mmomonyoko uliokuwa ukiangamiza ardhi hii miaka ya 1930. Fanya juu maana yake ni hiyo hiyo, unachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu. Kilichokuwa chini kikawa juu. Anayesema kitu hiki ni cha kale kwa kuwa kinasikika kiko chini anasoma kitabu ambacho kurasa zake zimeshapangwa upya.

Wapenzi wa mashine watajibu kwamba haya ni ya zamani. Detekta za leo, watasema, hazitegemei sikio; zina kioo chenye nambari, na hutuma masafa mengi kwa pamoja. Nakubali kwamba masafa mengi yamesaidia sana. Yanautambua udongo vizuri zaidi na yanatofautisha chuma na kisicho chuma kwa uhakika ambao mashine za miaka ya 1980 hazikuwa nao. Lakini nambari ni ileile kuchelewa, iliyoandikwa badala ya kuimbwa. Mashine ikionyesha 85, haijapima kitu kipya. Imekupa sauti ileile kwa wino. Tena nambari ina hatari ambayo sauti haina, kwa kuwa inaonekana kama jibu. Sikio likisikia sauti yenye mikwaruzo pembeni hujua pana shaka, lakini jicho likiona 85 huona 85. Masafa yawe mawili au arobaini, hakuna namna ya kuitenganisha shaba nyekundu na fedha kwa kipimo ambacho metali hizo mbili karibu zinalingana.

Wengine watasema, na hoja hii ina uzito zaidi, kwamba wako watu waliosikiliza miaka 20 na wanaijua fedha kabla ya kushika jembe. Siwakatalii. Aliyezoea hapitishi sahani mara moja na kuinama. Anaipitisha kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kulia kwenda kushoto, polepole, karibu na ardhi. Anasikiliza kama sauti inaanza na kumalizika mahali pamoja kila mara, au kama inateleza. Anageuka robo duara na kurudia, kwa sababu kizibo cha soda kinachong'ang'ania sauti ya juu upande mmoja mara nyingi huanza kukoroma ukikijia kwa upande mwingine, na msumari uliolala hutoa milio miwili, mmoja kila ncha. Anainua sahani kidogo kidogo: kitu kipana kama kifuniko cha sufuria huendelea kulia sahani ikiwa juu, sarafu hunyamaza mapema. Huu ni ujuzi wa kweli na nauheshimu. Lakini angalia unatoa majibu gani. Unasema kitu ni cha duara au kirefu, kikubwa au kidogo, kimoja au vingi, cha chuma au si cha chuma. Hausemi fedha. Mtu anapofika hapo na kutamka fedha, anatumia kumbukumbu ya vitu alivyowahi kuchimba mahali hapo: katika bustani hii, sauti kama hii mara tisa katika kumi ilikuwa sarafu fulani. Hiyo ni takwimu iliyohifadhiwa masikioni, na takwimu ya bustani ya Kiingereza haihami na mtu hadi Mwala au Masii. Sikio la Machakos litajengwa Machakos: kwa kuweka juu ya udongo huuhuu mwekundu rupia inayojulikana, shilingi ya 1922, senti kumi zenye tundu, bangili ya shaba, mkufu, kizibo na kipande cha sufuria, kisha kuvifukia kwa kina cha sentimita 5, 10 na 15, na kuandika kila kimoja kinasemaje. Ni kazi ya siku chache ambayo haihitaji kuchimba shamba la mtu.

Kama fedha haithibitishwi na sauti, inathibitishwa na nini? Na vitu vya kawaida sana. Sumaku kwanza, kwa kuwa fedha haivutwi. Kisha mizani ya sonara, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Weka kikombe cha maji juu yake, ifanye isome sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini, usome. Rupia halisi ya gramu 11.66 itasoma karibu 1.13. Bandia ya shaba au ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itasoma karibu 1.30. Tofauti ni ndogo kwa macho lakini mizani inaiona bila kusitasita, tena inaiona kwa kila mtu sawasawa, mwenye sikio zuri na asiyekuwa nalo. Sonara wa mjini hakutegemea mlio wa sarafu juu ya meza peke yake, ingawa aliusikiliza; aliusikiliza ili ajue ni ipi ya kupima.

Kuna jambo moja ambalo hata mizani haisemi, nalo ni mwaka, na kwa sheria ya Kenya mwaka ndio unaoamua. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inakihesabu kitu chochote cha kuhamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale. Kuvitafuta vitu hivyo kwa kuchimba kunahitaji kibali, na aliyekigundua anatakiwa kutoa taarifa kwa Makavazi ndani ya siku saba, akionyesha mahali hasa kilipopatikana. Sasa weka rupia mbili kando kwa kando, moja ya 1888 yenye jina Mombasa, nyingine ya India ya 1905 iliyotumika kulipia kodi. Uzito mmoja, fedha ileile, upana ule ule. Kwa detekta ni pacha. Kwa sheria, moja iko ndani ya uzio na nyingine iko nje. Mtu anayechimba kwa kuongozwa na sauti tu hawezi kujua anavuka uzio huo hadi atakapokuwa ameshauvuka, na udongo uliokuwa shahidi ameshautawanya.

Mwenye shamba la ekari mbili aliyechoka kusubiri mvua ataniuliza kwa haki: hayo yananihusu nini, kama kuna fedha chini ya mihogo yangu? Sitamjibu kwa sheria. Nitamwomba afanye hesabu. Shilingi ya kikoloni ina chini ya gramu 2 za fedha. Rupia ina gramu 10.7. Ili apate kilo moja ya fedha atahitaji rupia zaidi ya 90 au shilingi zaidi ya 500, na kabla ya kuzifikia atakuwa amechimba maelfu ya misumari, vizibo na vipande vya bati, akiyabomoa matuta ambayo ndiyo yanayolishikilia shamba lake mvua ikija. Utajiri wa uvumi, kama ule wa mali zinazodaiwa kufukiwa na Mjerumani unaowachimbisha watu mashimo huko Tanzania, huwanufaisha zaidi wanaokodisha mashine. Wapo watakaodai pia kwamba metali ikiachwa ardhini itaoza. Chuma kitaoza, na shaba itapata ukijani. Fedha ya asilimia 92 iliyokaa miaka 120 katika udongo wa Iveti inaweza kukaa mingine 20 hadi mtu mwenye kibali na daftari aje. Kinachooza upesi ni habari ya mahali ilipolala: karibu na nini, chini ya nini, pamoja na nini. Rupia peke yake katika droo ya mtu ni gramu 11.66. Rupia iliyoandikwa kwamba ilitoka kwenye kizingiti cha nyumba fulani, pamoja na shanga za aina fulani na kipande cha waya, inaweza kutuonyesha siku ambayo kodi ilifika kwenye kilima hicho.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho huweza kulala katika udongo huu na kuimba kama rupia, kikubwa kidogo kuliko rupia, milimita 36 kwa upana, fedha karibu asilimia 93. Ni medali ya Uingereza ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambayo wanajeshi wa King's African Rifles walipewa pia. Kwenye sauti haina tofauti ya maana na sarafu, na mwenye haraka ataiona duara nyeupe yenye kichwa cha mfalme na kuitia mfukoni pamoja na nyingine. Uso wake mmoja una mfalme, mwingine una mpanda farasi. Lakini ukiusugua ukingo kwa kidole hadi tope jekundu litoke, utakuta herufi ndogo zimepigwa humo kwa mashine, zikizunguka ukingoni: nambari ya askari, cheo, jina lake, na kikosi. Jina la Kikamba katika ukingo wa fedha, na mara nyingi boma lenye jina hilo bado lipo, ng'ambo ya korongo.